Mashine za masikio: sikioni au kwenye kopo, na ikipotea uanzie wapi

Mi navaa mashine mbili za masikio tangu 2016, na baba yangu ambaye naishi naye hapa Kitangiri, Mwanza, naye anazo mbili, kwa iyo nyumba yetu moja ina mashine nne, kila moja ina ukubwa wa korosho na bei ya kuanzia laki kadhaa mpaka mamilioni. Hospitali wanaziita shime sikio au vifaa vya usikivu, sisi nyumbani tunasema mashine tu. Katika miaka yote hii tumepoteza moja ambayo haikurudi mpaka leo, na nyingine tumezipoteza tukazipata mara nyingi sana, tena baada ya kulala na presha usiku mzima. Naandika haya kwa ajili ya anayevaa, na zaidi kwa mtoto au mjukuu anayekaa na mzee anayevaa, kwa sababu mzee akipoteza mashine anapoteza na mazungumzo, anakaa pembeni kimya na watu wanadhani amenuna.

Kitu cha kwanza nilichojifunza ni kwamba mashine nyingi hazidondoki barabarani. Unakuwa umeivua mwenyewe. Umeivua kwa sababu sikio linawasha, au unaenda kuoga, au kelele zimezidi, ukasema "ngoja niiweke hapa mara moja", ukaiweka kwenye kochi, kwenye ukingo wa beseni, juu ya friji, mfukoni, afu mtu akakuita ukasahau. Hiyo "hapa mara moja" ndiyo inayopoteza mashine. Nikimuuliza baba mashine iko wapi alikuwa ananijibu "si nimeiweka tu hapo mama", na hapo penyewe hapajulikani.

Kwa iyo nyumbani kwetu sheria ni moja tu: mashine iko sikioni au iko kwenye kopo, hamna sehemu ya tatu. Hata ukiivua kwa dakika moja tu kujikuna sikio, inaingia kwenye kopo kwanza ndo ujikune.

Kopo lenyewe lisikusumbue, siyo lazima lile boksi zuri la dukani. Tafuta la plastiki lenye mfuniko wa kukaza, saizi ya kuingia kwenye mkono mmoja, na liwe na rangi kali, letu ni la machungwa. Andika namba ya simu juu kwa maka peni afu pitisha selotepu isifutike. Ndani weka kitambaa kidogo ili mashine isigongegonge, na kama una vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye boksi za viatu weka kimoja, kwa sababu hapa kwetu ziwani hewa ina unyevu na jasho nalo ni adui. Ila NAOMBA usitumie kopo la dawa. Betri za hizi mashine ni ndogo za mviringo, mzee anayekunywa vidonge usiku gizani anaweza akameza betri akidhani ni dawa, na watu wamemeza kweli. Kopo la dawa liwe mbali na kopo la mashine, vyumba tofauti kabisa ikiwezekana.

Tuna makopo mawili. La kwanza halitoki nyumbani, linakaa kwenye kimeza karibu na kitanda, nje ya chandarua, maana ukiiweka ndani ya chandarua unapolala asubuhi inakuwa imeingia kwenye shuka, mtu anakung'uta shuka dirishani na mashine inaruka nje kwenye mawe. Wanaokaa kwenye milima ya mawe kama Mabatini au Igogo wanajua kitu kikiingia kati ya mawe mawili ndo basi tena. La pili ni la kutembea nalo, linakaa kwenye mkoba, zipu ya ndani, kila siku zipu hiyo hiyo. Kama mashine zako ni za kuchaji basi kile kichajio ndo kopo lako la usiku, kiache sehemu moja usikihamishehamishe kufuata soketi.

Usifunge mashine kwenye tishu. Hii naisema kwa uchungu kwa sababu ile moja tuliyoipoteza ilienda hivyo. Baba alilazwa kwa ajili ya operesheni ya ngiri, hospitali siitaji, wakati wa kumwingiza ndani wakamwambia avue kila kitu, akavua mashine ya kushoto akaifunga kwenye tishu akaweka kwenye trei ya chakula pembeni ya kitanda. Mimi nilikuwa nimeenda kununua maji. Trei ikaja kuchukuliwa, tishu ikaenda na takataka, na hakuna aliyekosea maana nani atafungua tishu iliyokunjwa? Tulifukua mapipa mpaka jioni. Tangu siku hiyo nikimpeleka baba hospitali yoyote kopo linakuwa mkononi mwangu na namwambia nesi mapema "mzee hasikii vizuri, anavaa mashine, naomba iandikwe kwenye faili, na naomba abaki nazo mpaka dakika ya mwisho asikie mnachomwambia". Kwenye kipimo cha MRI lazima zitoke kabisa, ule mtambo ni sumaku kubwa, na hata picha za kichwani wanataka uvue, kwa iyo ndugu anayemsindikiza mgonjwa ndo anayezipokea. Zisiwekwe kitandani wala kwenye mfuko wa shuka wala kwenye lile sahani la chuma.

Mfukoni pia hapana. Mfuko wa shati unainama unapoinama, na mfuko wa suruali unaenda kwenye beseni la kufulia. Mashine ya baba ya kulia ilishafuliwa mara moja, niliiona chini ya beseni wakati namwaga maji ya mwisho. Ikikutokea hivyo toa betri haraka, ikung'ute, ifute kwa kitambaa kikavu, iache wazi sehemu yenye hewa, afu iweke kwenye kopo kavu na vile vipakiti vya unyevu kwa siku nzima au zaidi. Usiianike juani, usiipulizie mashine ya kukaushia nywele na usiisogeze karibu na jiko. Kama ni ya kuchaji usiiweke kwenye chaji mpaka ikauke kabisa, ikigoma ipeleke kwa mtaalamu.

Sasa zile zinazodondoka kweli. Hapa Mwanza zinadondokea sehemu chache tu na ukizijua unakuwa umeshamaliza nusu ya kazi.

Helmeti ya bodaboda ndo namba moja. Ukiivaa inasukuma mashine, ukiivua inaing'oa, na kwa sababu uko na haraka unamrudishia dereva helmeti yake na mashine iko ndani imenasa kwenye sponji, boda huyo ameshaenda Buzuruga. Mi nafanya hivi: kwanza naelewana bei na sehemu ya kushukia wakati bado nasikia, afu navua mashine zote mbili naweka kwenye kopo, zipu, ndo navaa helmeti. Nikishuka, nalipa, nakagua ndani ya helmeti hata kama najua nilizivua. Usiache kuvaa helmeti kwa sababu ya mashine, kichwa hakina cha kubadilisha.

Mtandio, ushungi, kilemba na barakoa nazo zinavuta. Kamba ya barakoa inapita nyuma ya sikio hapo hapo inapokaa mashine, ukiivua kwa kuvuta mbele inakuja nayo, kwa iyo shika mashine kwa kidole kimoja ndo uitoe kamba, au tumia zile za kufunga nyuma ya kichwa. Mtandio uvulie juu ya kitanda au umekaa na kanga mapajani, usivulie umesimama njiani. Saluni, mwambie dada anayesuka kabla hajaanza, vua zote na kopo likae mapajani kwako siyo kwenye kile kimeza cha vitana, na vivyo hivyo kinyozi. Msikitini kabla ya udhu, kopo. Miwani nayo, kama unavaa miwani jifunze kuivua kwa mikono miwili ukiivuta mbele moja kwa moja, ukiivua kwa mkono mmoja ule mkono wa miwani unaikwangua mashine inatoka.

Afu kuna maji. Baba amevua samaki Ukerewe maisha yake yote, masikio yake yalichoka kwa kelele za injini za boti, na bado akienda Nansio kusalimia anataka kusimama kwenye ukingo wa meli aangalie ziwa. Upepo wenyewe hauwezi kuitoa mashine iliyokaa vizuri, ila mtu anashika kofia isipeperuke na mkono unaikumba mashine, na ikidondoka ziwani imekwenda. Yeye mwenyewe ndo aliyepata dawa. Alichukua mshipi mwembamba wa kuvulia, akafunga kitanzi kidogo kwenye shingo ya mashine pale inapokutana na kile kibomba kinachoingia sikioni, mwisho mwingine akaufunga kwenye kibanio cha beji za kitambulisho, kibanio anakibana kwenye kola nyuma ya shingo. Mashine zote mbili ziko kwenye mshipi mmoja wenye umbo la V. Sikio likiachia, mashine inaning'inia mgongoni, haifiki chini. Zipo za kununua zilizotengenezwa kabisa kwa kazi hiyo, ila huu wa baba unafanya kazi na umetumika muda mrefu. Angalia vitu viwili: usizibe vile vitundu vidogo vya juu, ndo maiki zenyewe, na usiukaze kiasi cha kubana mlango wa betri. Na kama unaogelea au unapanda mtumbwi usitegemee mshipi, vua uweke kwenye kopo. Kopo la plastiki lililokazwa vizuri linaelea, baba alilijaribu kwenye ndoo kabla hajaliamini.

Mashine zile ndogo za kuzama ndani ya tundu la sikio hazina pa kufunga mshipi kirahisi, hizo ulinzi wake ni kopo tu na kuhakikisha zinakaa sawasawa. Kwa ujumla mashine inayolegea kila saa inakuambia kitu. Kama kile kipira cha ndani ni kidogo kuliko sikio, au ile moldi iliyochongwa kwa umbo la sikio imekuwa kubwa au imekakamaa, rudi ulikopimiwa wabadilishe. Watoto ndo zaidi, sikio la mtoto linakua na moldi inatakiwa ibadilishwe mara kwa mara. Kwa mtoto mdogo mshipi uwe mfupi, ubanwe mgongoni, usimzunguke shingo, na usimwache nao akilala. Shuleni mpe mwalimu kopo lake dogo lenye jina la mtoto, na mkubaliane kabisa kwamba kipindi cha mpira mashine ziko kwenye kopo na kopo liko kwa mwalimu siyo kwenye begi.

Kuhusu rangi nina msimamo wangu. Wengi wanachagua rangi ya ngozi au ya nywele ili watu wasione, naelewa kabisa, na mi za kwanza nilichagua hivyo hivyo, ila mashine ya kahawia ikidondoka kwenye udongo wa Mwanza huioni hata ukiikanyaga. Safari hii nilichukua nyekundu. Kama yako tayari ni ya kahawia bandika kipande kidogo cha stika inayong'aa ubavuni. Huku tunaishi na miwani na meno ya bandia bila aibu, sioni kwa nini mashine ya sikio ijifiche.

Kabla haijapotea fanya kitu kimoja leo leo kabla ya kulala. Ipige picha pande zote na simu, ipige picha na seriali namba yake, ambayo iko kwenye mwili wa mashine au ndani ya mlango wa betri, na picha ya risiti na karatasi ya kipimo chako. Tuma zote kwa mtu mwingine mmoja kwenye WhatsApp, maana simu nayo inapotea. Alama nyekundu ni sikio la kulia, bluu ni la kushoto, hivyo ndivyo ilivyo karibu kwa watengenezaji wote, na hata mtu akiiokota utamwambia ni ipi. Ukinunua mpya uliza waranti inaisha lini na kama inahusu kupotea au kuharibika tu, kuna kampuni zinakubali kukupa nyingine mara moja ikipotea ndani ya muda huo ukachangia kiasi fulani. Andika hiyo tarehe kwenye kalenda ya ukutani.

Ikishapotea

Simama hapo hapo. Usitembeetembee, usifagie, na wala usikung'ute kitu. Mwambie kila mtu ndani ya nyumba akae alipo na taka zisichomwe wala zisimwagwe, na kuku wafungiwe, kuku anadonoa chochote kinachong'aa. Mbwa pia mtoe nje, mbwa anapenda harufu ya nta ya sikio na anazitafuna kabisa hizi mashine.

Anza na mwili wako. Kola, kofia ya sweta, ndani ya sidiria, kwenye mtandio, kwenye nywele za kusuka, kwenye kiuno cha kanga. Hapo nimeipata mara nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote. Afu jiulize mara ya mwisho nilisikia vizuri nikiwa wapi, usijiulize niliiona wapi, maana mashine ikiwa sikioni huioni. Nilimsikia konda akisema nini, nilisikia adhana, nilisikia jirani akinisalimia mlangoni. Ukipata sauti ya mwisho umepata sehemu ya kuanzia.

Hatua inayofuata inahitaji masikio ya mtu mwingine, mtoto wa jirani mwenye masikio mazuri anatosha. Zima redio, feni, tivii, hata friji kwa dakika kumi. Mashine ikiwa bado inawaka na imefunikwa na kitu, nguo au mto, mara nyingi inapiga mluzi mwembamba, ule ule unaopiga ukiifumbata kwenye kiganja. Mwambie mtoto atembee polepole akisikiliza, abonyeze mito na nguo taratibu. Muda ni mali hapa. Ya betri, betri mpya inaweza kwenda siku kadhaa, ya kuchaji inaisha ndani ya siku moja hivi, kwa iyo mluzi utafute leo usisubiri kesho. Kama uliizima au mlango wa betri umefunguka hautasikia kitu, usikate tamaa, ni kwamba haiongei tu.

Afu tochi. Zima taa, weka tochi ya simu chini kabisa sakafuni uimulike kwa ubavu, siyo kwa juu, kitu kidogo kinatoa kivuli kirefu na kinang'aa. Usiku inafanya kazi vizuri kuliko mchana. Vilivyofagiwa vimwage juu ya shuka jeupe na upekue kwa vidole.

Kwa wenye mashine zinazoungana na simu kwa Bluetooth, programu nyingi za kampuni zina sehemu ya kutafuta. Jua inachofanya: inakuonyesha kwenye ramani sehemu ambapo simu na mashine ziliachana mara ya mwisho, haionyeshi mashine ilipo sahivi. Kama ulishuka kwenye hiace pale Igoma na mashine ikaendelea na safari, ramani itakuonyesha Igoma. Bado inasaidia sana, maana unajua ni hiace na siyo nyumbani. Ukiwa karibu, kama mita kumi hivi na kuta zikiwepo inapungua, baadhi ya programu zinakuonyesha kama unasogea au unaenda mbali. Sharti lokesheni ya simu iwe imewashwa kabla haijapotea, kwa iyo iwashe leo na ujaribu ukiwa nayo bado.

Ikiwa ni nje, rudi njia ile ile uliyopita, polepole, na mtu mmoja anaangalia upande mmoja tu. Waambie kijiwe cha boda, wamama wa genge, konda wa ile ruti, mtu wa msikiti au kanisa atangaze. Waonyeshe picha, usielezee kwa mdomo maana wengi hawajawahi kuiona na wakiiokota wanadhani ni spika za simu. Na waambie hivi: hii imepangwa kwa sikio langu tu, ukiivaa wewe haikufai, ukiiuza haina mnunuzi, ukinirudishia nakupa ya soda na nauli. Maneno hayo ndo yaliyorudisha mashine yangu kutoka Mwaloni Kirumba, mama mmoja aliikuta kwenye turubai la dagaa akaanza kuuliza watu mpaka ikanifikia. Kama haijapatikana mpaka siku ya pili nenda polisi uchukue ripoti ya upotevu, maana kampuni ikikubali waranti inaweza kukudai karatasi hiyo.

Ikipatikana kagua kama kile kipira laini cha mwisho bado kipo. Kama mashine ipo na kipira hakipo, kinaweza kuwa kimebaki ndani ya sikio, usikichokonoe na pini wala kijiti, unakisukuma ndani zaidi, nenda kwa madaktari wa masikio pua na koo wakitoe, ni kazi ya dakika chache. Na kama kilichopotea ni betri kwenye nyumba yenye mtoto mdogo, hiyo inatafutwa kabla ya mashine yenyewe. Betri hizi zikimezwa au zikiingizwa puani zinaunguza nyama kwa ndani, ukihisi tu mtoto ameimeza ni hospitali saa hiyo hiyo, usisubiri uone kama atatapika.

Mashine ya zamani uliyoibadilisha usimpe mtu kienyeji wala usiitupe. Ipeleke ikasafishwe, ipangwe upya kwa kipimo chako cha sasa, toa betri, iweke kwenye kopo la tatu kabatini. Baba alikaa wiki nyingi na sikio moja baada ya ile ya hospitalini kupotea, na mashine yake ya zamani ilikuwa kwenye droo muda wote huo hakuna aliyekumbuka.